Vipande Vinapokataa Kuungana: Michezo na Somo la Uwiano Darasani

Chora mitumbwi miwili ubaoni, mmoja mdogo na mmoja mkubwa. Waambie wanafunzi wa darasa la saba kwamba ule mdogo umepimwa kwa njiti za kiberiti ukawa na urefu wa njiti 4, kisha ukapimwa kwa vifuniko vya soda ukawa na vifuniko 6. Ule mkubwa umepimwa kwa njiti zile zile ukawa na njiti 6. Je, utakuwa na urefu wa vifuniko vingapi? Katika madarasa niliyofundisha hapa Kigoma, jibu linalotangulia, tena kwa sauti ya wengi, ni vifuniko 8. Watoto hao hawabahatishi. Wameona kwamba njiti zimeongezeka 2, wakaongeza na vifuniko 2, na ukiwauliza wanaeleza kwa utulivu wa mtu aliyehesabu vizuri. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kila njiti 2 zinalingana na vifuniko 3, nao mtumbwi mkubwa una njiti mbili-mbili tatu.

Swali hilo silo langu. Asili yake ni la Robert Karplus, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambaye katika miaka ya 1970 aliwauliza wanafunzi kuhusu watu wawili, mfupi na mrefu, waliopimwa kwa vifungo na kwa vibanio vya karatasi. Namba zilikuwa hizi hizi, na wanafunzi wengi walisema 8. Nalitaja hilo kwa sababu tumezoea kuamini kwamba mtoto wetu anakosea uwiano kwa sababu ya uhaba wa vitabu, au madawati, au kwa sababu hakunywa uji asubuhi. Uhaba huo upo na unaumiza, lakini kosa lenyewe ni la akili ya binadamu inayokua, iwe Marekani au Ujiji: kujumlisha huja kwanza, na hakuondoki kwa kuambiwa tu kwamba si kwenyewe.

Ndiyo maana nina jambo la kusema kuhusu michezo darasani. Katika semina na mafunzo kazini tunahimizwa kila mara tutumie michezo katika Hisabati, somo ambalo mwaka hadi mwaka matokeo yake huwa ya chini. Wito huo naukubali kwa moyo wote. Lakini nikitazama michezo mingi inayofanyika katika vipindi vya uwiano, naona darasa limegawanywa kuwa timu mbili, mwalimu anauliza swali la kitabuni, aliyewahi kunyosha mkono anajibu, na timu yake inapewa alama. Watoto wanachangamka, kelele zinajaa, na mwalimu anaondoka ameridhika. Kilichobadilika ni shangwe tu. Mtoto aliyesema 8 anaambiwa na mwalimu kwamba amekosa, kama alivyoambiwa jana bila mchezo, na hajui kwa nini amekosa.

Kipimo changu ni kimoja: je, mchezo wenyewe unamkataa anayejumlisha? Mtoto akiongeza 2 na 2 mahali pa kuzidisha, je, atashindwa na mchezo kabla mwalimu hajafungua mdomo? Kama ndivyo, huo ni mchezo wa uwiano. Kama inambidi mwalimu awe ndiye mwamuzi wa kila jibu, huo ni mtihani uliovishwa sare ya michezo.

Mchezo unaotimiza kipimo hicho kuliko wote ninaoujua ulibuniwa na Mfaransa, Guy Brousseau, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na shule ya Talence karibu na Bordeaux. Watoto hupewa umbo lililokatwa vipande, kama fumbo la kuunganisha, na kazi yao ni kutengeneza umbo lile lile kwa ukubwa zaidi, kwa sharti kwamba upande wenye sentimita 4 uwe na sentimita 7. Kila mtoto katika kundi hutengeneza kipande chake peke yake, kisha wote hukutana kuviunganisha. Hakuna cha ziada. Siri yote imo katika sharti hilo na katika kule kutengana kabla ya kukutana.

Niliufanya kwa maboksi ya sabuni niliyoyaomba madukani Mwanga. Umbo langu lilikuwa mstatili uliokatwa vipande sita, na nilihakikisha kwamba upande wa juu una vipande viwili, kimoja cha sentimita 4 na kingine cha sentimita 5, wakati chini yake kuna kipande kimoja kirefu cha sentimita 9. Kundi la kwanza kumaliza lilikuwa la wavulana wanne na wasichana wawili, wenye mikasi miwili na rula moja iliyovunjika pembeni. Wote sita, bila kuambizana, walikuwa wameongeza 3: sentimita 4 ikawa 7, 5 ikawa 8, na 9 ikawa 12. Walipoviweka chini, upande wa juu ulikuwa na sentimita 15 na wa chini 12. Kipande kimoja kilining'inia nje kwa sentimita 3, wazi kabisa, na mtu hakuhitaji kujua hesabu yoyote ili aone kwamba pana tatizo.

Kilichofuata nakikumbuka vizuri kuliko masomo mengi niliyowahi kufundisha. Kwanza walilaumiana. Msichana aliyekata kile kipande kirefu aliambiwa amekata vibaya. Akachukua rula akapima mbele yao, sentimita 12 kamili. Kisha wakamlaumu mwenye rula iliyovunjika. Wakakata upya, kwa makini zaidi, kwa kuongeza 3 vile vile, na pengo likarudi vile vile. Hapo wakanyamaza. Mmoja akasema labda ni kuzidisha mara mbili halafu kutoa 1, kwa kuwa 4 mara mbili ni 8, toa 1 ni 7. Wakajaribu: 7 na 9 juu ni 16, chini 17. Pengo lilikuwa limepungua hadi sentimita 1, na nusura washangilie, lakini yule msichana alikataa. Alisema kwa sauti ndogo, "Hii bado haijaungana."

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani na ilinibidi nijizuie, maana kila mwalimu anajua uchungu wa kumwona mtoto yuko hatua moja kutoka kwenye jibu ukiwa na jibu hilo mfukoni. Waliofika walipitia njia ambayo nisingeichagua. Mmoja alisema kwamba vipande viwili vya 4 vikiwekwa pamoja ni 8, na vikubwa vyake vikiwekwa pamoja ni 14, kwa hiyo 8 lazima iwe 14. Na kama ndivyo, basi nusu ya 4, yaani 2, ni 3.5, na nusu ya hiyo, yaani 1, ni 1.75. Walipoijua 1 walikuwa wamemaliza, kwa sababu 5 ni 1.75 mara tano, ambayo ni 8.75, na 9 ni 15.75. Juu 7 na 8.75 zinatoa 15.75, na chini ni 15.75. Vipande vikakaa. Sikulazimika kumwambia mtu yeyote kwamba amepata.

Hapa nataka kusisitiza jambo ambalo walimu wengi hulipita: namba ndizo zinazoubeba mchezo. Kama ningesema 4 iwe 8, watoto wangeongeza ukubwa mara mbili bila kufikiri, vipande vingeungana, na wangeondoka wakiwa wamejifunza kile walichokijua tangu darasa la tatu. Kukuza kitu mara mbili au kukipunguza nusu ni njia inayopitika hata kwa mtoto ambaye bado anajumlisha katika mambo mengine yote. Sharti la 4 kuwa 7 linaifunga njia hiyo, kwa sababu 7 haigawanyiki kwa 4, na linamlazimisha mtoto kuuliza sentimita moja inakuwa kiasi gani. Mwalimu anayetaka kuanza na kitu chepesi anaweza kuchukua 4 iwe 6. Asikae hapo muda mrefu.

Lugha yetu nayo ina mkono wake katika jambo hili, na sijaona likijadiliwa vya kutosha. Neno "kuzidisha" darasani lina maana moja tu, lakini nyumbani lina nyingine. Mama akimwambia mtoto azidishe chumvi kwenye mchuzi, hamwambii aiweke mara ngapi ya ile iliyopo, anamwambia aongeze. Tukisema 6 imeizidi 4, tunamaanisha imeizidi kwa 2. Kwa hiyo mtoto anayesikia "zidisha" akaongeza, anatii Kiswahili chake cha kila siku. Lipo na hili la "kwa". Tunasoma uwiano wa 2:1 kuwa "mbili kwa moja," na mtangazaji wa mpira naye husema timu fulani imeshinda mabao mawili kwa moja. Katika mpira, mbili kwa moja na nne kwa mbili ni matokeo tofauti kabisa, kwa kuwa kinachohesabiwa ni tofauti ya mabao. Katika uwiano ni kitu kimoja. Mtoto anayependa mpira, na ni nani hapa asiyeupenda, ameshafundishwa na redio namna nyingine ya kulisikia tamko lile lile. Mimi siku hizi huanza mada kwa kuyaandika hayo mawili ubaoni upande kwa upande na kuwaachia wanafunzi wabishane. Mjadala huo wenyewe ni nusu ya somo.

Na kwa sababu hiyo hiyo siupendi mchezo wa uwiano unaotoa ushindi kwa tofauti ya alama. Tunapiga marufuku kujumlisha ndani ya swali, kisha tunakutukuza kwenye ubao wa matokeo.

Mchezo wa pili ninaoutegemea ni wa kuonja. Unahitaji maji yaliyochemshwa, jambo ambalo kwa shule zilizo kandokando ya ziwa si la kujadiliwa, pamoja na ukwaju, sukari, kijiko na vikombe. Mwalimu anatengeneza juisi ya mfano kwa vijiko 2 vya sukari kwa kila vikombe 3 vya maji ya ukwaju, na kila kundi linatakiwa litengeneze vikombe 12 vyenye utamu ule ule. Mwonjaji anageukia ukutani, hajui kikombe ni cha nani, na kundi ambalo juisi yake haiwezi kutofautishwa na ya mfano ndilo linaloshinda. Anayejumlisha ataona kwamba vikombe vimeongezeka 9, ataongeza vijiko 9, na kupata vijiko 11 mahali pa 8. Ulimi utamkataa papo hapo. Katika duru ya pili ninawauliza kabla hawajaonja: kijiko 1 kwa vikombe 2, na vijiko 4 kwa vikombe 5, ipi tamu zaidi? Wengi husema zinalingana, kwa kuwa kote vikombe vimezidi vijiko kwa 1. Kisha wanaonja. Sukari ni ghali, najua, na kwa darasa kubwa nimefanya kwa vikundi vinne tu mbele huku wengine wakiandika utabiri wao katika daftari. Utabiri ulioandikwa kabla ya kuonja una thamani kubwa, kwa sababu mtoto hawezi baadaye kusema alijua tangu mwanzo.

Bao nalipenda, na wazee wa Ujiji wanaolicheza chini ya miembe wana hesabu za kichwani ambazo sizifikii. Lakini kuleta bao la mashimo 32 na kete 64 darasani na kuliita somo la uwiano si kweli. Bao linafundisha kuhesabu mbele, kukumbuka na kupanga. Kete haiulizi uwiano. Mchezo wa duka au soko nao unahitaji tahadhari. Sokoni bei haiendi na uwiano wakati wote: anayenunua makopo matano ya dagaa hupewa nyongeza, na anayechukua debe zima hupunguziwa. Mtoto wa mfanyabiashara atacheza soko lako vizuri sana na kukuletea jibu la soko, ambalo kitabuni ni kosa. Afadhali kuamua mapema na kusema wazi kwamba katika duka hili hakuna nyongeza wala kupunguziana.

Pamoja na tahadhari hiyo, tusilidharau soko. Mwaka 1985 Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani katika mji wa Recife, Brazili. Wakiwa kwenye meza zao za biashara, watoto hao walijibu sahihi asilimia 98 ya maswali ya hesabu waliyoulizwa kama wateja wanavyouliza. Hesabu zile zile zilipoandikwa kwenye karatasi bila habari yoyote, walipata asilimia 37. Hapa Kibirizi kijana anayehudumia injini ya boti inayochanganyiwa oili anajua kwamba lita 50 za petroli zinataka lita 1 ya oili, na kwamba akiwa na lita 25 atatia nusu lita. Hata siku moja hatatoa 25 upande huu akatafuta 25 za kutoa upande wa pili. Fundi mwashi anaposema zege la moja, mbili, nne, anapima kwa ndoo au kwa karai bila kubadili chochote, kwa sababu anajua kipimo kinaweza kuwa chochote mradi kiwe kimoja kwa saruji, mchanga na kokoto. Watoto wa watu hao wamo darasani mwetu. Mchezo mzuri unawapa nafasi ya kuutumia ujuzi huo, ukiwa na namba ambazo nyumbani hazitokei.

Kuhusu uwiano kinyume nitasema kidogo. Mawe 24 yanayohamishwa kutoka mstari mmoja hadi mwingine, jiwe moja kwa safari, na watoto 2, kisha 3, kisha 4, kisha 6, yanatosha kuonyesha safari 12, 8, 6 na 4 kwa kila mmoja, na kwamba kinachodumu ni zao la namba hizo mbili. Kwa wengi, kukimbia huko mara moja kunatosha.

Kikwazo kinachotajwa kila ninapozungumza haya na walimu wenzangu ni idadi. Uwiano uliowekwa kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na wote tunajua madarasa ambayo namba hiyo imepitwa mara mbili. Wanafunzi 96 ni makundi 16 ya watu sita, na boksi moja kwa kila kundi. Maboksi hupatikana bure; mikasi haipatikani, kwa hiyo nusu ya darasa hukata leo, nusu nyingine kesho. Muda ni tatizo gumu zaidi. Fumbo la vipande halimaliziki katika dakika 40, na likikatwa katikati, pale watoto wanapokuwa wamegundua kwamba kuongeza 3 hakufai lakini hawajapata njia nyingine, unakuwa umewaacha vibaya kuliko ulivyowakuta. Nawaomba walimu wakuu na wataaluma wapange vipindi viwili vinavyofuatana walau mara moja kwa wiki kwa Hisabati. Ombi hilo halihitaji fedha.

Na kwa wale wanaofundisha kidato cha kwanza, ambako mada hii hurudi kwa Kiingereza, naomba mchezo ufanyike kabla ya istilahi. Mtoto aliyeona vipande vikikataa kuungana ana kitu cha kulitundikia neno jipya. Asiyeona anapokea neno la kigeni kwa wazo ambalo hakuwahi kuwa nalo kwa lugha yoyote, na tunamhesabu kuwa ni mzito.

Bado kuna hatari moja ambayo mafanikio ya michezo hii huileta yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, akina Dirk De Bock, Wim Van Dooren na Lieven Verschaffel, wameonyesha kwa kazi ya miaka mingi kwamba mwanafunzi akishaumudu uwiano huanza kuutumia hata mahali usipokuwepo. Mtoto aliyekuwa anajumlisha kila kitu sasa anazidisha kila kitu. Kwa hiyo mchezo wangu wa mwisho katika mada hii ni wa kadi. Kila kadi ina habari fupi, na kundi linatakiwa liziweke katika mafungu mawili: zinazokwenda kwa uwiano na zisizokwenda. Lita za mawese na bei yake, bila kupunguziana. Umri wa mtoto na umri wa dada yake. Idadi ya watu katika kwaya na dakika za kuimba wimbo mmoja. Kadi niliyoitegemea zaidi ilisema hivi: karai moja la dagaa lililoanikwa mchangani hukauka kwa siku moja, makarai matano yatakauka kwa siku ngapi?

Wengi waliandika siku tano. Kundi moja lilisema siku moja, kwa kuwa jua ni lile lile, na nilikuwa tayari kuwapongeza mbele ya darasa aliposimama msichana mmoja ambaye mama yake huanika dagaa Katonga. Alisema kadi yangu haijakamilika. Kama mchanga ni mdogo, makarai matano yatarundikana, ya chini hayataona jua, na siku moja haitatosha. Mama yake analipia eneo la kuanikia, kwa hiyo anajua. Aliuliza eneo lilikuwa kubwa kiasi gani. Sikuwa nimeliandika. Nilichukua kalamu, nikaongeza kwenye kadi maneno "katika uwanja wenye nafasi ya kutosha," kisha nikamwomba yeye na kundi lake watengeneze kadi ya pili, ya uwanja usiotosha, nao wakaanza kwa kubishana karai moja linachukua hatua ngapi za mchanga.